Kitambaa Mlangoni

Bwenini, 6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Ukitaka kujua habari zangu, mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu.

Naandika nimesimama. Karatasi nimeilaza kwenye dirisha la korido, maana nikikaa kitandani miguu inaanza kutingishika yenyewe. Usicheke. Nimekuwa hivi tangu tumzike mama. Asubuhi nadeki chumba ambacho nilikideki jana, halafu natafuta ndoo ya jirani niioshe.

Kuna jambo limetokea hapa. Dada mmoja wa mwaka wa pili aliugua chumbani kwake. Unajua huku kila mtu ana chumba chake, kidogo kama stoo. Sisi tukawa tunapita mlangoni pake na mabeseni yetu, tunafua, tunaimba, mpaka mfagizi aliposikia mtu anakoroma vibaya. Yuko hospitali, wanasema atapona. Lakini baba, chumba chake na changu vimegawana ukuta. Nilikuwa nagonga ukuta ule kila siku nikitundika taulo, na sikujua.

Mkuu wa chuo akaitisha mkutano. Mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole anayeongea kama anabembeleza mtoto, akabandika tangazo la nafasi za ustawi. Kuna kikundi cha matembezi, cha bustani, cha huduma ya kwanza, cha kusikilizana, na kikosi cha kusaidiana na majirani wa mtaa wa bondeni mvua zikizidi. Nimejiandikisha kwenye vyote.

Na nina wazo langu mwenyewe. Kila chumba kiwe na kitambaa. Ukiamka salama, unakifunga nje kwenye kitasa. Ukienda kulala unakirudisha ndani. Mlango usio na kitambaa mpaka saa ya chai, jirani anagonga. Basi naomba mabaki ya vitambaa vya makochi. Kata vipande vya mkono mmoja, pinda kingo, weka kamba ya kufungia. Mshauri amekubali. Nimemwambia baba yangu ni fundi wa makochi, hashindwi na kitu.

Nakimbia bustanini.

Binti yako,
Kiguu na Njia


Nyumbani, 17 Februari

Mwanangu Kiguu na Njia,

Marahaba. Mimi ni mzima, mgongo ni mzima, nyundo nayo nzima, sote tunakusalimu.

Barua yako nimeisoma karakana, mteja amesimama na mto wake mkononi ananisubiri. Umejiandikisha kupumzika mahali patano. Utapumzika saa ngapi? Mama yako angekufungia ndani na kukunyang'anya viatu.

Vitambaa hivi hapa, kifurushi kizima, nimempa karani wa mizigo pale stendi. Vyekundu vimetoka kwenye makochi ya hoteli, vya maua ni vya yule bwana harusi aliyebadili mawazo kuhusu rangi, akabadili na bibi harusi. Vya kijani vinachuja, visifuliwe na vingine.

Wazo lako sijalisema vibaya, ila mimi nisingekubali. Mtu mzima kila asubuhi kutangaza kwamba yupo hai! Wewe unataka watu, sawa. Mimi nina kazi yangu na mlango wangu.

Najua utauliza simu uliyoniachia. Ipo kwenye droo ya misumari. Inalia peke yake mpaka inachoka. Kuja huko kukutembelea pia usinisumbue nako, basi sipandi. Natoka nyumbani kwenda karakana, narudi nyumbani, inatosha. Jirani yetu Mama Redio anasema naota mizizi. Yeye na redio yake hawana siri, mtaa mzima tunasikia taarifa ya habari tupende tusipende.

Kochi la sebuleni nimelihamisha tena. Nimeliweka dirishani, halikai vizuri. Nimelirudisha ukutani, halikai vizuri. Ule upande aliokuwa akikalia mama yako umebonyea, na mimi fundi mzima sijaugusa. Basi nazunguka nalo tu.

Kula vizuri.

Baba yako


Bwenini, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kama chuma, sijui wewe.

Vitambaa vimefika na bweni limechangamka. Watu wamegombania vya maua mpaka mlezi wa bweni akaingilia kati. Asubuhi ukisimama mwisho wa korido, milango yote ina rangi. Mimi ndiye ninayekagua. Napita na kikombe mkononi, natazama vitasa.

Mlango wa kwanza kukosa kitambaa ulikuwa wa msichana tunayemwita Kisirani, kwa sababu hajawahi kumjibu mtu vizuri. Nikagonga. "Umeamkaje?" Akasema salama, ondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikamweleza mshauri. Akanifundisha kitu, akasema neno salama tunalitoa mdomoni kabla hata hatujajua swali ni lipi, kwa hiyo jibu la kwanza lipokee, kaa kimya kidogo, kisha uliza tena vile vile. Nikarudi kwa Kisirani. "Umeamkaje?" Salama. Nikanyamaza. "Umeamkaje?" Baba, akafungua mlango analia. Hakuwa amekula, alikuwa amefeli mtihani na anaogopa kuwaambia kwao. Sasa anakula na sisi, ingawa bado ana kisirani chake.

Ndiyo sheria yetu sasa. Tunauliza mara mbili.

Nimebakiza kitambaa kimoja chekundu, nakurudishia. Tafadhali, kitundike. Mama Redio anapita mlangoni kwako kila asubuhi, nimeshamwandikia na kumweleza sheria yetu, amekubali. Siombi kingine. Nikiwa huku roho inakaa juu juu, sijui umeamka au hukuamka. Nimebaki na wewe tu.

Wako,
Kiguu na Njia


Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Umepita nyuma yangu ukaenda kwa Mama Redio. Haya. Shingo upande, nimekitundika. Kipo mlangoni, chekundu, mtaa mzima wanakiona. Umefurahi? Sasa tuzungumze mengine.

Mvua zimekaribia. Usiingie kwenye maji usiyoyajua kina chake.

Baba yako


Bwenini, 11 Aprili

Baba,

Shikamoo, mimi mzima, naandika haraka.

Maji yaliingia mtaa wa bondeni na kikosi chetu kikaitwa. Tulibeba magodoro, watoto, cherehani, mzee mmoja na kiti chake cha magurudumu, maana alikataa kutengana nacho. Wote wamelala kwenye ukumbi wa chuo. Nimegawa uji, nimepanga zamu, nimefundisha huduma ya kwanza, nimesikiliza watu mpaka masikio yanavuma. Mlezi wa bweni ananiambia nikae. Nikae nifanye nini?

Habari njema ni kwamba chuo kinataka mratibu wa ustawi kutoka kwa wanafunzi, na mshauri ametaja jina langu. Nikipata nitafanya mambo makubwa. Nina mipango ya mabweni yote.

Wiki iliyopita tu mwili ulinigomea kidogo. Nililala siku mbili, pazia nimeshusha, sikuweza hata kuinua mkono kuchukua maji. Sio malaria, nilipima. Hakuna aliyegonga, nashukuru, nilikuwa sitaki kuona mtu. Siku ya tatu nikainuka, nikaosha uso, nikaenda kukagua milango.

Nitaandika vizuri nikitulia. Naitwa.

Kiguu na Njia


Nyumbani, 19 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma karakana, nikaisoma nyumbani, kisha nikatoka nikasimama uani sijui nimefuata nini.

Uliniambia mwenyewe kwamba mlango usio na kitambaa mpaka saa ya chai, jirani anagonga. Wewe umelala siku mbili bila maji na hakuna aliyegonga. Kwa hiyo kitambaa chako kilikuwa wapi?

Nitakwambia kilikuwa wapi. Kilikuwa nje, kwenye kitasa, usiku na mchana. Hukirudishi ndani. Umekiacha pale ili watu wapite wakijua mratibu mtarajiwa hajambo, na kwa kuwa mkaguzi ni wewe, nani atakukagua?

Nimejuaje? Kwa sababu changu nimekigongomea misumari. Ndiyo. Siku ile ile niliyokwambia nimekitundika, nilichukua misumari ya makochi, ile ya kichwa cha shaba, nikakipiga mlangoni pembe zote nne. Hata upepo haukitikisi. Mama Redio anapita, anakiona, anakwenda zake, na mimi nipo ndani nazunguka na kochi. Kuna siku sikuamka kwenda kazini kabisa. Hakuna aliyejua, na nilifurahi hivyo hivyo ulivyofurahi wewe.

Kichwa kigumu hicho hukukiokota chuoni, umekitoa kwangu. Lakini mimi ni mzee na mke wangu amekufa, nina ruhusa. Wewe huna.

Umeamkaje?

Baba yako


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu,

Hujanijibu. Nimekwenda stendi mara nyingi mpaka karani wa mizigo akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Misumari nimeing'oa. Mlango umebaki na matobo, acha yawepo. Asubuhi ya kwanza sikutundika kitu, nikakaa kwenye kochi, upande ule wa mama yako uliobonyea. Sijawahi kuukalia. Nikajiambia nitaona kama huyo mwanamke ana maana au ni kelele tu za redio.

Chai haijachemka akagonga, redio kwapani. "Umeamkaje?" Nikasema salama. Akaizima redio. Mtaa mzima lazima walishtuka kwa ule ukimya. Akauliza tena. Na mimi, mwanaume wa umri huu, nikalia mbele ya jirani hadi nikaona aibu, yeye akakaa kwenye mito ya wateja niliyoileta nyumbani akanisubiri nimalize. Nilimwambia nyumba haikaliki. Nilimwambia simpati mke wangu popote ninapolihamishia hilo kochi. Hakunishauri kitu. Alisema kesho atapita tena.

Sasa nakujulisha hali yangu kwa ukweli, maana nimeshakuandikia uongo kila barua. Mimi si mzima. Ila nimekula leo.

Sikulaumu kwa kunyamaza. Nauliza mara ya pili tu, kama mlivyofundishwa.

Umeamkaje?

Baba yako


Bwenini, 8 Mei

Baba,

Shikamoo.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuandika kwamba ni mzima wa afya. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeikata, nimechukua karatasi nyingine. Mimi si mzima, baba.

Barua yako ya Aprili ilinikasirisha. Niliikunja nikaitia chini ya godoro, nikatoka kwenda kupalilia bustani iliyokwisha kupaliliwa. Hii ya Mei nimeisoma nimekaa sakafuni. Usiku huo nilikirudisha kitambaa ndani. Kamba ilikuwa imeshika kutu ya kitasa, nikaivuta kwa nguvu.

Asubuhi sikukitoa. Nikakaa nyuma ya mlango, mgongo wangu kwenye mbao, nasikia ndala zinapita. Wamepita wa kwanza, wamepita wengine, wanacheka. Nikasema umeona, hakuna mtu. Nikataka kuinuka nikitundike yaishe.

Akagonga Kisirani. Kati ya watu wote. "Umeamkaje?" Nikasema salama. Akanyamaza, na nilijua anachofanya maana nilimfundisha mwenyewe, na bado nikashindwa kujizuia. "Umeamkaje?" Nikafungua.

Nilimwambia kuhusu viti. Wewe hukuona, ulikuwa ndani na wazee. Siku ya msiba wa mama watu walikuwa wanakuja na mimi nikawa napanga viti. Nikimaliza safu natoa vingine. Shangazi akaniambia njoo ukae, nikasema ngoja nimalize viti. Mpaka wakamtoa mama nyumbani mimi nina kiti mkononi. Sijakaa tangu siku ile. Vikundi vyote vile, maji, magodoro, baba, ni viti tu napanga.

Kisirani akasema, "Basi kaa." Alivyosema vibaya vile, nikakaa. Chai ikapoa.

Nimemweleza mshauri. Nafasi ya mratibu amesema itanisubiri, au haitanisubiri, vyovyote si ya kukimbilia. Kila wiki naenda kuzungumza naye, mlango umefungwa, na mimi ndiye ninayesikilizwa. Kukagua vitasa asubuhi sasa ni zamu ya Kisirani. Anagonga kama askari.

Kuna kitu kimoja nataka na naogopa kukuomba. Usiku nikilala namtaka mama. Yeye simpati. Najua basi hupandi, najua karakana ina kazi, na ukisema huwezi sitakulaumu hata kidogo. Naomba uje wewe.

Binti yako


Ujumbe wa simu, 13 Mei

MWANANGU. SIMU NIMEITOA KWENYE DROO, MAMA REDIO AMENIONYESHA PA KUBONYEZA. NIMO NDANI YA BASI, NIMEKAA DIRISHANI, MGONGO UNANIUMA NA NINAOGOPA. KITAMBAA NIMEKUJA NACHO MFUKONI, NIMEMUAGA JIRANI ASIJE AKAVUNJA MLANGO. NIKIGONGA, FUNGUA. BABA