Nyota Isiyo na Jina

Mumbuni, Machakos
8 Oktoba 2025

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu. Habari ya Kivaa, na masikio yako je? Mama aliniambia matone ya hospitali hayajasaidia, na ukipigiwa simu unampa yeye, ndiyo maana nakuandikia. Sisi huku tuko wazima. Mvua bado, mawingu yanakaa tu juu ya vilima.

Baba, niko na jambo la darasani ambalo sikuona mtu mwingine wa kumuuliza. Shule inafunga mwezi huu, na kwa kuwa Krismasi itawakuta watoto nyumbani, mwalimu mkuu ametaka kila darasa lipambe mlango wake mapema, wazazi wauone siku ya kufunga, na darasa litakaloshinda lipewe keki. Gredi ya Nne wamebandika pamba mlango mzima, ati ni theluji. Mimi na watoto wangu wa Gredi ya Pili tumechora boma wakati wa usiku, na mbuzi na ng'ombe, na juu yake kila mtoto anakata nyota ya karatasi ya manila na kuandika jina lake.

Kuna msichana anaitwa Nzisa. Babake alikuja muhula ulipoanza akanieleza kwa upole kwamba wao hawaadhimishi Krismasi, kwa sababu Biblia haikuiamuru. Nikakukumbuka wewe. Basi wenzake wakikata nyota, yeye anakaa amekunja mikono. Nilimuuliza kama angependa kwenda kusoma maktaba. Akasema, "Sijakatazwa kuangalia, Mwalimu."

Jana alibaki nyuma wakati wa chai. Alikuwa ameokota vipande vya manila chini ya madawati, akaviunga kwa gundi hadi vikawa nyota. Hakuandika jina. Aliniomba niibandike juu kabisa, mahali ambapo babake hataangalia.

Iko kwenye droo yangu. Wewe ndiye mtu wa karibu ninayemjua aliyeacha Krismasi, na tangu uhamie lile kanisa dogo la sokoni, mimi na wewe hatujawahi kulizungumza. Ungekuwa babake Nzisa, ungetaka nifanye nini?

Msalimie Mama.

Mwanao,
Mutheu


Kivaa
19 Oktoba 2025

Kwako mwaitu,

Jina lako ni la mama yangu, kwa hivyo nitakuita mwaitu, yaani mama, hata pale nitakapokukemea. Mama yako hajambo, anakusalimu. Masikio ni yale yale. Tumepanda ndengu udongo ukiwa mkavu, sasa tunangoja.

Umeniuliza kama baba, nitakujibu kama baba. Sikuacha Krismasi kwa hasira, wala kwa uchoyo wa kuchinja mbuzi kama alivyosema mjomba wako Mwanzia. Nilisoma, nikarudia kusoma, nikaona siwezi kuendelea kufanya kitu nisichokiamini. Mkaanza kwenda kwa Mwanzia siku hiyo, wewe na ndugu yako Jeff. Mimi na mama yako tukabaki mezani, yeye akisikiliza redio ya majirani, mimi nikimtazama anavyosikiliza.

Hiyo nyota usiibandike. Sisemi ni dhambi. Ninachosema ni kwamba huyo mtoto ni mdogo, na tayari anatafuta mahali ambapo babake hataangalia. Ukimsaidia kumkwepa leo, kesho atakwepa peke yake. Muite huyo mwanamume. Mwonyeshe nyota mkononi mwako, umuache aseme la kusema.

Babako


Mumbuni
25 Oktoba 2025

Kwako Baba,

Natumaini mko salama na mvua imewafikia. Huku ilinyesha usiku wa kuamkia leo.

Barua yako ilinifikia nikiwa nimekwisha kuibandika. Kila asubuhi mtoto alikuwa anaangalia droo, halafu ananiangalia mimi, nikashindwa. Niliposoma maneno yako ningeweza bado kumuita babake. Sikumuita. Nzisa alikuwa anakuja shuleni anakimbia, naye hakuwa mtoto wa kukimbia.

Jana tulifunga. Babake ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja amevaa shati la kanisani. Watoto walikuwa wanawaonyesha wazazi majina yao pale mlangoni, na mmoja wao akasema bila ubaya wowote, "Ile ya juu ni ya Nzisa."

Mtoto akauachia mkono wa babake. Nilimwambia yule baba kwamba niliibandika mimi, na kwamba nilijua asingependa. Aliinua macho akaitazama ile nyota. Kisha akasema, "Ungeniuliza, Mwalimu, ningekataa. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Aliomba kiti. Akapanda, akaibandua ile nyota polepole kwa ukucha ili isichanike, akampa Nzisa na kalamu yake mwenyewe. Akamwambia aandike jina, maana kitu alichokitengeneza vizuri hivyo hakifai kukosa mwenyewe. Nzisa akaandikia kwenye goti lake. Halafu huyo baba akanipa mkono, akaniarifu kwamba Januari atamtafutia shule nyingine.

Mlango wetu ndio ulioshinda. Keki ililiwa, mimi sikuionja.

Baba, sikujua kwamba huwa mnabaki mezani namna hiyo. Mimi na Jeff tulidhani siku hiyo unataka nyumba iwe kimya, tukapatana kwenye simu tuwe tunaenda kwa Mjomba. Sasa nakuuliza wewe. Tunaweza kuja nyumbani tarehe ishirini na tano Desemba?

Mwanao,
Mutheu


Mumbuni
23 Novemba 2025

Kwako Baba,

Hamjambo huko? Mulwa wa duka la huko, anayekupokelea barua, ameniapia kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi. Mama anasema uliisoma umesimama, ukaichukua ukaenda nayo shambani, na tangu hapo hujaitaja.

Babake Nzisa alikuja juzi kuchukua karatasi za uhamisho. Nilimwomba msamaha. Alisema yamekwisha, lakini hakubadilisha nia. Nimekubali.

Kama nilikukosea kwa kuuliza, niambie. Mjomba Mwanzia ameshapiga simu kujua tutakuwa wangapi. Sijamjibu.

Mwanao,
Mutheu


Kivaa
7 Desemba 2025

Kwako mwaitu,

Sisi wazima, mama yako amepona kikohozi. Mvua ilikuja vizuri, ndengu zimetoka, na magugu nayo.

Hukunikosea. Nilichelewa kwa sababu kila nikianza kuandika, nilikuwa naandika mahubiri. Hii ni karatasi ya nne.

Jibu langu ni hili. Kwangu hapatakuwa na mapambo wala nyimbo za Krismasi, na mtu asinitakie heri ya siku hiyo, maana sitaitikia na itakuwa aibu kwetu sote. Asubuhi mama yako ataenda parokiani kama kawaida yake, na anayetaka ataenda naye. Jiko ni lake. Akichinja kuku, sitamuuliza ni wa nini, nitakula.

Mimi nitakuwa nikipalilia ndengu upande wa mtoni. Ni kazi ya watu kadhaa, nami mgongo hauniruhusu kama zamani. Nimewaza sana habari ya huyo fundi na kiti chake. Najua alivyojisikia mkono wa mtoto ulipouachia wake.

Njooni. Mleteni na Mwanzia akitaka, nitamtengea mstari wake. Mvae viatu vya matope, na Jeff aje na jembe, langu la pili limevunjika mpini.

Babako