Kitabu cha Meza Ndogo

Lusaka, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Tunduma imepungua makali, na mkono wako wa kulia unaitika kidogo ukiuamrisha. Mama aliniambia kwamba sasa unafunga vifungo vya shati mwenyewe, isipokuwa kile cha shingoni. Nilishangilia hadi mwenzangu wa chumbani akaja kuuliza kuna nini. Mimi ni mzima, mafua tu ya vumbi.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule dereva wa lori la shaba, naye ndiye atakayekuletea hii pamoja na kitabu. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani mama huiweka sauti ya nje, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Uliandika kwamba tangu kiharusi kikupate, madereva wanaosubiri foleni ya mpaka hukaa barazani kwetu wakicheza poka, ile isiyo na kikomo cha dau, kwa sarafu za mia mia. Wamekufundisha, ukaipenda kwa sababu ina hesabu. Halafu ukaandika maneno yaliyoniumiza: "Nimegundua wananiachia nishinde. Mtu ana karata nzuri, anazitupa ili mwalimu mgonjwa afurahi. Nitafutie kitabu, mwanangu, nicheze mpaka waache kunihurumia." Wewe uliyewachapa hesabu nusu ya makarani wa mji ule! Nimekuelewa, baba.

Basi Jumatano nikaenda kwa muuza vitabu vya mitumba pale karibu na soko. Vya poka alikuwa navyo vinne. Kimoja kilikuwa cha mashindano makubwa, ambako dau la lazima linapanda kila baada ya muda na mchezaji hana budi kukimbizana nalo. Barazani kwetu nani ana haraka, na foleni inalala siku tatu? Nikakirudisha. Cha pili kikongwe, kinene, kinafundisha mchezo ambao dau lina kipimo. Madereva wako wanaweza kusukuma kila walicho nacho kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ushauri wa kitabu kile ungekuzamisha. Cha tatu kinang'aa, bingwa amevaa miwani myeusi, na ndani ni mikwara mitupu: jinsi ya kumtisha mwenzako wakati mkononi huna kitu.

"Dada, chukua hiki cha bingwa," muuza vitabu akanisihi. "Ndicho kinachotoka."

"Mkwara unamtisha mtu anayefikiri," nikamwambia. "Kwenye meza ndogo watu hawaji kufikiri, wanakuja kuona karata."

Nikamsimulia habari ya kijana mmoja aliyesoma kitabu kama kile, akaja kwenye meza ya dau dogo na kumpiga mkwara muuza nyama. Akapandisha, akapandisha tena, mwisho akasukuma zote. Muuza nyama akamfuata na karata mbili za nne tu, akabeba mali. Kijana akafoka, "Unanifuataje na takataka hiyo?" Yule bwana akajibu kwa upole kabisa, "Nilitaka kuona ulichonacho."

Muuza vitabu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Kumbe unacheza?"

"Hapana," nikasema. "Nagawa."

Baba, neno hilo lilinitoka mchana kweupe, mbele ya mtu nisiyemjua hata jina, na ninyi mlionizaa sijawahi kuwaambia. Niliwaambia niko mapokezi ya hoteli. Hoteli ni kweli, na mapokezi nilianza kweli, miezi minne. Walipopunguza watu, wakaniuliza kama naweza kujifunza kazi ya ukumbi wa nyuma, kwa kuwa najumlisha haraka bila kalamu. Wewe ndiye uliyenipa hesabu hizo. Huu ni mwaka wa tatu nagawa karata kasino.

Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa. Ulipougua nikanyamaza zaidi. Niliogopa ukijua dawa zimetoka wapi, utakataa kuzimeza.

Kila ninapoinuka mezani ni lazima nipige makofi na kugeuza viganja juu, kamera ione kwamba sijaficha kitu. Nawaonyesha wageni viganja mara kumi kwa siku, huku nimewafumbia ngumi ninyi. Barua ya kwanza niliyokuandikia juzi ilisema kwamba haya ya poka niliyajua kwa kuulizauliza watu. Nikaichana.

Kitabu nilichokuchagulia ni cha nne, chembamba, hakina hata picha. Kimeandikwa kwa ajili ya meza ndogo. Kinasema ucheze raundi chache, nyingine utupe karata mapema, upende kukaa mahali pa kusema mwisho ili uwasikie wengine kwanza, na ukishika karata nzuri upandishe dau bila aibu, maana watakufuata tu. Na mtu mkimya akipandisha ghafla, mwamini, tupa zako hata kama ni wafalme wawili. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Nimeona watu wazima wakishindwa. Kila sura ina mazoezi, majibu yako nyuma. Najua hutachungulia.

Kuna jambo halimo kitabuni, nakuambia mimi. Sarafu za mia ziishie hapo hapo kwenye mia. Watu ninaowaona wakiumia si wajinga wala si walafi. Wengi ni watu waliotaka meza iwaheshimu. Juzi mama mmoja, mwenye heshima zake, alivua pete akaniuliza kama tunaipokea. Nikamwambia hapana. Akaivaa tena taratibu, akaniaga kwa adabu, nami nikaendelea kugawa. Wakikuachia tena, waambie tu, kwa sauti yako ya darasani, kwamba anayetaka kukuhurumia akutekee maji. Watacheza.

Msalimie sana dada Tumaini na cherehani yake, na shangazi wa Ibaba akileta viazi. Mjomba mwambie suruali aliyoniagiza nimeipata, ila ni ya kahawia. Mama msalimie bila kumweleza haya. Mwisho wa mwezi naanza likizo, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso, hata kwa kupiga magoti.

Dereva wako atapita tena huku baada ya wiki moja. Kama umekasirika na hutaki nije, mpe karatasi, hata ya neno moja. Akinifikia mikono mitupu, nakwenda kukata tiketi.

Binti yako akupendaye,
Enesia