Kitanda cha Dirishani

Mama Darshana mpendwa, wewe unayeshauri watu kwa barua, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa maana Jumamosi mume wangu anachoma kitanda na mimi sijui kama nimzuie au nimpe kiberiti.

Nina nyumba ya wageni hapa Kihoto, Naivasha, karibu na ziwa, si hoteli, ni chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya deka, kimoja juu ya kingine, kama vya shule ya bweni, na wanaolala kwangu ni wazungu wa mabegi, wale vijana wanaozunguka dunia na begi mgongoni wakitafuta mahali pa bei nafuu, na wakifika nawaambia sheria moja tu, kwamba siku ya kuondoka kila mtu atandue kitanda chake mwenyewe, kwa sababu kitanda kikiwa na shuka najua mwenyewe bado yupo na siwezi kukipa mtu mwingine.

Aliyeanzisha sheria hiyo ni Awuor, mpishi wangu, ambaye alilala kitanda cha chini karibu na dirisha na nilimpenda kama mdogo wangu, na alikuwa na mtindo wake, shuka zote za kitanda anazisukumiza ndani ya foronya na kuifunga fundo ili zisichanganyike na za wengine, halafu Thuo mume wangu anambebea yale mafurushi mpaka kwenye tangi la kufulia kwa kuwa mimi mgongo unanisumbua. Sasa mwezi wa kwanza, vita vya baada ya uchaguzi vilipofika Naivasha na watu wa kabila la Awuor wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba, Thuo alimketisha kiti cha mbele cha pikapu yetu mchana ampeleke kituo cha polisi, hakupata nafasi ya kuchukua hata leso yake, alinishika mkono tu akaniambia, "Mathe, sijatandua kitanda yangu. Usiwekee mtu." Thuo alirudi upesi, akasema amemfikisha. Baadaye nilikwenda kituoni nikaulizia katikati ya wale waliokimbilia pale, hakuna aliyemwona, nikajiambia labda alishapanda lori la kwenda Kisumu, lakini simu yake tangu siku ile ni mteja hapatikani.

Shuka zake nilizifua mwenyewe nikatandika vizuri ili akirudi akute, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Natoka, narudi, nakuta godoro tupu, na kwenye kikapu cha mlangoni kuna furushi, foronya imefungwa fundo la Awuor, na siku moja nililigusa likawa na joto, Mama, joto la mtu, na chumba hakina mgeni. Natandika tena. Naenda sokoni, nikirudi furushi liko pale. Mimi na Thuo tulipokwenda Longonot kwa mazishi ya shangazi yake tukalala huko, tulirudi tukakuta kitanda kimetandikwa kama nilivyokiacha, nikashukuru Mungu kwamba yameisha, Jumapili nikaenda kanisani peke yangu, kurudi, furushi.

Mwezi wa nane wageni wakaanza kurudi mmoja mmoja, akaja msichana wa kutoka mbali huko, hajui lolote la hapa, tulikuwa naye uani, Thuo akitengeneza pikapu, msichana akaingia ndani kuchukua kofia, akatoka akaniuliza kwa nini yule mama anayefungasha dirishani haitikii salamu. Nilikimbia ndani. Hapakuwa na mtu, na shuka zilikuwa kitandani zimetulia. Msichana alihama siku hiyo hiyo, na tangu hapo furushi limerudi kikapuni, sijathubutu kulifungua.

Thuo hali vizuri, hataki hata nimtaje Awuor, anasema tu, "Hiyo kitanda tuchome Jumamosi tumalizane nayo." Mchungaji naye anasema ni pepo. Mimi naogopa kuingia chumba changu mwenyewe mchana wa jua kali, na naogopa zaidi kwamba kikiungua nitakuwa nimemfukuza Awuor, na alikuwa amenisihi. Nifanye nini?

Wariara, Kihoto

*

Wariara, weka kiberiti chini kwanza.

Pole sana. Umepotelewa na mtu wako na hujui hata kama umlilie au umngojee, na hakuna jambo linalochosha moyo kama hilo. Pole hiyo ni ya kweli, ishike, kwa sababu sasa nakugombeza.

Mimi nimeuza vitambaa hapa Nakuru tangu nikiwa msichana, na sijaona hata siku moja kitambaa kikijifunga fundo. Soma tena barua yako mwenyewe. Ukienda sokoni, nani anabaki nyumbani? Ukienda kanisani? Mlipolala Longonot wote wawili, kwa nini kitanda kilitulia? Na yale mafurushi ya Awuor yalibebwa na nani kila siku mpaka akalijua lile fundo? Yote umeyaandika wewe, halafu ukaenda kumwuliza mchungaji. Furushi lilikuwa na joto kwa sababu mtu alikuwa amelikumbatia.

Sasa usimrukie mumeo. Sisemi Thuo ni muuaji, na ukimwingilia kwa kelele za namna hiyo utaharibu kila kitu. Ninachosema ni kwamba alirudi upesi, na maneno hayo ni yako. Siku zile barabarani kulikuwa na vijana na mawe, na mtu mwenye hofu huweza kumteremsha mwenzake njiani na kumwambia kituo si mbali, malizia kwa miguu. Kama ndivyo ilivyokuwa, hajui kama Awuor alifika au hakufika, na amekaa na jambo hilo tangu mwezi wa kwanza huku wewe ukimpita mlangoni na shuka safi mikononi. Wewe unatandika kwa sababu unamngoja. Yeye anatandua kwa sababu anamuaga. Mnavutana juu ya kitanda kimoja miezi yote hii na hakuna anayefungua mdomo, aibu kwenu nyote wawili.

Yule msichana na alichokiona dirishani ni jambo jingine. Mumeo alikuwa uani. Nimelifikiria jambo hilo nikiwa dukani tangu barua yako ifike, na kila nikikunja kitambaa nageuka kuangalia nyuma. Lakini hata kama ni Awuor, hakumgusa mtu. Alikuwa anafungasha tu, kazi ambayo hakupewa nafasi ya kuimaliza.

Kwa hiyo kitanda hakichomwi. Usitandike tena, lile furushi usilifungue, funga chumba hicho na ufunguo ukae nao wewe. Thuo usimwulize kitu mezani, atakujibu lile lile alilokujibu siku ile. Ijumaa asubuhi mwambie awashe pikapu. Keti kiti cha mbele, pale alipokaa Awuor, pakata furushi lake, umwombe akupeleke kituo cha polisi kwa njia ile ile, kisha unyamaze. Atalia, mwache alie, lakini asigeuze gari. Na pikapu itakaposimama kabla ya kufika kituoni, usimwulize kwa nini. Teremka, gonga mlango wa kwanza utakaouona, na utaje jina la Awuor.