Magurudumu Mawili Yanatosha

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Joto. Ofisini umeme umekatika. Taipu yangu ni ya mkono, haina habari na umeme, lakini mkuu kasema tupumzike. Haya, napumzika. Naandika.

Mume wangu Uwesu siku hizi haongei ila gari. Tangu bohari la nafaka lifungwe naye arudishwe nyumbani, ana wazo moja tu: mashine ya kusaga juu ya tela, izunguke vijijini, kina mama wasitembee tena na madebe kichwani. Mashine anayo. Tela limeshachomelewa. Limebaki gari la kulivuta, na kiinua mgongo chake kinatosha gari moja. Akikosea, basi.

Kwa Marko, muuza magari wa soko la Majengo, yapo mawili. Pikapu ya bluu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu — nyepesi, inakunywa dizeli kwa adabu. Na fowili ya kijani, inayovuta kwa magurudumu yote manne — nzito, kuukuu, mlafi. Marko anazisifu zote kwa pumzi moja. Mwaka juzi alikuwa anauza vitunguu! Soko huria limemfanya mjuzi wa magari.

Jumatano, 10 Novemba

Uwesu kaniuliza, Mama Tabu waonaje? Nikasema ya bluu inapendeza. Kacheka, eti hatununui kitenge.

Sikumwambia ninachowaza. Miaka minane ya kwanza ya ndoa yetu alikuwa mnunuzi wa mazao. Wiki tatu porini, siku mbili nyumbani. Tabu alipoanza kusema alimwita baba yake mjomba. Nilicheka mbele ya watu, nikaenda kulia jikoni.

Sasa yupo. Miaka miwili yupo! Anasikiliza redio barazani, anaunguza ugali, ananiudhi. Nampenda akiwa karibu, sina maneno mengine.

Fowili itafika kila mahali. Ya bluu itaishia barabarani: Msalato, Hombolo, jioni nyumbani. Namwona kabisa akiingia uani hapa Area D, nyusi nyeupe kwa unga, ananukia dizeli na mahindi. Leo nimeandika barua ya mkuu yenye makosa matatu kwa kumwona hivyo.

Jumamosi, 13 Novemba

Leo wamezijaribu. Korongo la mchanga, njia ya Msalato, tela nyuma na mashine juu yake. Tulikwenda na Tabu na chupa ya chai.

Ilianza ya bluu. Uwesu alipakia magunia sita ya mchanga nyuma ili tairi zishike, akapunguza upepo, akaingia kwa kasi. Ikayumba, ikanguruma — ikatoka! Tabu akapiga vigelegele.

Halafu ya kijani. Marko mwenyewe kwenye usukani. Akavuta ile gia ndogo ya fowili, akatuambia sasa tazameni mwanamume. Ilikwenda kama hatua kumi, ikaketi. Magurudumu ya nyuma yanachimba, ya mbele yametulia kama wageni mezani. Marko akakanyaga mafuta, ikazidi kuzama.

Nami nilijua kwa nini. Marehemu baba alikuwa dereva wa mradi wa hifadhi ya udongo kwetu Kondoa. Gari la namna hii, kuvuta gia hakutoshi. Katikati ya kila gurudumu la mbele pana kitasa cha kuzungusha kwa mkono. Kikiwa kwenye FREE, gurudumu linajizungukia tu. Kikiwa kwenye LOCK, linavuta. Ndiyo ilikuwa kazi yangu nikiwa mdogo! Tukifika kwenye mchanga baba husema, shuka Ikram, utufungie. Naruka. Nazungusha cha kulia, napita mbele ya gari, nazungusha cha kushoto, nampungia mkono. Nilijiona dereva ni mimi.

Leo vitasa vyote viwili vilikuwa kwenye FREE. Nimeviona kwa macho yangu. Nikafunga kanga vizuri, nikammiminia Marko chai.

Uwesu akaipiga ya bluu kofi la mgongo: "Magurudumu mawili yanatosha!"

Jumapili, 14 Novemba

Gari la bluu, sasa letu, limesomewa dua. Shehe kaomba Mungu atuepushe na ajali na hila za waja. Nimeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ijumaa, 26 Novemba

Sijaandika. Mwenye raha hana la kuandika.

Kila jioni kabla ya magharibi nasikia tela likigonga kwenye tuta la njia panda, ko-ko! Tabu anakimbia. Uwesu anashuka mweupe kama mzee wa miaka tisini, anakung'uta kofia. Anasema kina mama wa Hombolo wanamwimbia. Nampelekea maji ya kuoga. Nasimama na ndoo, nasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Jumanne, 30 Novemba

Mungu wangu. Anataka kuvuka Mto Bubu, ule wa mchanga mtupu kiangazi, unaojaa ghafla mvua ikinyesha juu!

Watu wa vijiji vya ng'ambo wamemtumia ujumbe kwamba hakuna mashine hadi mwendo wa nusu siku. Nikasema mvua zinakuja. Nikasema gari hili ni la barabarani. Kanitazama kwa upole, kaniuliza kama ile fowili ilishindwa mchangani na hii ikapita, itashindwa na nini?

Nilikuwa na jibu. Nikaenda kumfungia chakula cha njiani.

Jumatano, 1 Desemba

Kaondoka alfajiri. Kasema Jumamosi yupo.

Jumapili, 5 Desemba

Hayupo. Mawingu upande wa Kondoa, meusi. Tabu kaniuliza kama baba kaanza tena kazi ya zamani.

Jumatatu, 6 Desemba

Dereva wa lori kaleta habari ofisini. Pikapu imezama mchangani katikati ya Bubu, ikirudi, na tela nyuma. Maji yameanza kupita, membamba. Uwesu mzima, ila kagoma kuiacha mashine. Kasema akiiacha ndiyo mwisho wetu.

Nimekwenda Majengo mbio. Fowili ya kijani bado ipo! Hakuna aliyeinunua, soko zima linajua ilivyoaibika. Marko kanionea huruma: chukua shemeji, ingawa haina nguvu. Kanipa na dereva wake wa tangu enzi za vitunguu, Yotham. Nilikuwa nimwambie palepale. Nikasema ahsante.

Jumanne, 7 Desemba

Naandika ndani ya gari. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Njiani tulisimama mara mbili. Mara zote mbili nilikusudia kushuka nikafunge vitasa kimya kimya, nikajiambia bado barabara ni nzuri. Sasa tumekwama kwenye mteremko wa mto, gari limekaa kiubavu. Yotham kavuta gia ndogo, magurudumu ya nyuma yanachimba, ya mbele tuli. Vilevile! Kaenda kukata matawi ya kutandika.

Uwesu yuko pale, naweza kumrushia jiwe. Kasimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, mkono juu ya tela, suruali kaikunja. Kakonda. Alipotuona alipunga mikono, kisha akalitambua gari. Akapaza sauti: "Mama Tabu! Hilo la nini? Si ndilo lililoshindwa?"

Nilishuka upande wa Yotham, nikajifanya natazama matope, nikafunga kitasa cha kulia. Kimekaza, lakini mkono haujasahau. Upande huo hakuniona.

Cha kushoto kiko upande wake.

Nikikizungusha mbele ya macho yake, gari litatoka, na atajua. Si ya leo tu — atajua na ile chai ya korongoni, kwamba nilijua nikamimina tu. Uwesu si mjinga. Kila gurudumu lazima livute, baba alisema moja peke yake ni kazi bure. Naandika kwa sababu naogopa kushuka, ndiyo kweli yenyewe.

Huko juu mtoni panaunguruma. Si radi, radi hukoma. Maji yamemfika kwenye ugoko. Tena ananiita, sasa si kwa hasira, ananiambia nirudi nyumbani kwa mtoto.

Nimefungua mlango wa kushoto. Ananitazama. Naweka kalamu, mkono huu unatakiwa kwenye kitasa.