Chumba Nilimoapia

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, katika chumba ulimonyang'anywa shamba. Lile jengo la Wajerumani hapa mjini Lushoto sasa ni nyumba ya wageni. Alipokuwa akikaa hakimu wameweka kabati la nguo. Nimelipia siku moja tu. Moyo wangu umechoka, na haya sikuweza kuyaandikia nyumbani mbele ya wanangu.

Tukiwa watoto lilikuwa ghala la kahawa. Tulikuwa tukitoka sokoni kuuza matunda, wewe unaegemea ukuta wake uliopata jua. "Kaka, nikikua nitalinunua hili."

"Wewe? Hata choo chake hawatakufungulia."

Ulicheka. Ulicheka kila nilichosema, na hilo lilinikera.

Baadaye likawa mahakama. Kabla ya kufa, Baba alikuwa ametugawia bonde, wewe ule upande wenye maji, akapanda masale kwa mkono wake kuwa mpaka. Mimi nilikuwa mwalimu, nina mshahara. Wewe ulikuwa na kabichi zako tu. Hata hivyo, Jumapili moja ulipokuwa kanisani, niliyang'oa yale masale nikayapanda hatua thelathini ndani kwako. Masale hayafi upesi. Wazee wa baraza walipokuja kukagua, yalikuwa yameshika kama yaliyoota pale. Kwetu kung'oa sale la marehemu ni kujitakia laana, kwa hiyo hakuna aliyefikiri mwalimu anaweza.

Ulinishtaki, kisha ukasimama humu ukasema, "Kaka yangu amesoma. Aulizwe yeye. Atakalosema nitalikubali."

Nikashika Biblia, nikaapa. Ukakubali.

Ukahamia Mombo kuuza machungwa kwenye mabasi, homa ya huko ikakumaliza. Mazishini nilitoa hotuba nzuri. Watu walilia.

Mahakama ilipohama, hapa pakawa baa, nami miaka ile yote nilikunywa humu kabichi za bonde lako.

Binti yako ndiye anayefanya usafi hapa. Leo ameingia na ndoo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba mkubwa." Nikamwambia yote. Alinisikiliza akikamua tambara.

"Najua," akasema. "Mama hakwenda kanisani siku ile, alikuona ukipanda. Baba alimkataza kusema. Alisema ukisimama mbele za watu utaona haya mwenyewe."

Kumbe ulijua. Kumbe ulikuwa unanipa nafasi.

"Shamba sasa ni la nani?" akauliza.

"Nimeshawaandikia wanangu."

"Unaweza kubadilisha?"

"Naweza."

Akasubiri. Nikafikiria wanangu watakavyoniuliza sababu.

"Basi nyanyua miguu, baba mkubwa, nipige deki."

Nikanyanyua.

Sikuombi msamaha, maana ungenipa. Tukikutana huko, usinisalimie.

Kaka yako