Orodha ya Marehemu wa Tupendane

Baba,

Shikamoo. Naianza hivi kwa sababu ulinifunza kwamba mtoto haanzi maneno na mzazi wake bila shikamoo, hata akiwa na hasira. Nami nina hasira, Baba. Ningekuwa na mahali pengine pa kuipeleka ningeipeleka, lakini mwenyewe umeshalala nyuma ya msikiti, na mimi umeniachia daftari.

Nianze na habari za nyumbani. Mama yumo edani, huu ni mwezi wa tatu, anakaa chumba cha uani pamoja na redio yako. Ulipokuwa hai aliichukia, alisema inampigia kelele za mpira mpaka mchuzi unaungua. Sasa hataki mtu aiguse. Ikifika saa ya mpira anaiwasha, wala hajui nani anacheza na nani. Mbuzi wako wa kijivu amezaa mapacha. Uwanja uko vile vile, mchanga upande mmoja na nyasi upande mwingine, ila Tupendane wamepewa jezi mpya na hoteli moja ya Diani, na jezi zenyewe ni za rangi ya machungwa. Ndiyo, Baba. Timu iliyovaa kijani tangu siku mlipozitia rangi fulana kwenye sufuria ya pilau ya bibi, leo ikiingia uwanjani utadhani wauza sharubati. Mungu alikuchukua kwa wakati wake.

Watu wa Msambweni wanasema hakuna shabiki atakayezaliwa kama wewe. Nakubali. Mguu wako haukukuruhusu kuupiga mpira hata siku moja, lakini hapakuwa na mechi ya Tupendane usiyoijua. Nikiwa mdogo wenzangu walikuwa wakisimuliwa hadithi za sungura, mimi nikisimuliwa kikosi cha kwanza, jina kwa jina, kuanzia golini. Na golini alikuwa Rashidi Gamu. Uliniambia aliitwa Gamu kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake ulinata. Uliniambia aliwahi kudaka penalti akiwa na homa, akatapika nyuma ya mlingoti, kisha akarudi akadaka nyingine. Na kila ukimaliza ulishusha sauti ukasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Nami nilijibu amin, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye adabu.

Sasa nikueleze yaliyotokea siku ya mechi ya kwanza ya msimu.

Unaijua desturi, maana uliianzisha wewe. Baada ya sala ya alasiri wachezaji wanakaa duara katikati ya uwanja, watu wanapewa tende na kahawa, majina ya waliotangulia yanasomwa, kisha maalim anaomba dua na mpira unaanza. Miaka yote uliyasoma wewe, umeinamisha kichwa, ukiyanong'onea ndevu zako. Waliokuwa mbali walisubiri tu wasikie umenyamaza, wakajibu amin. Mwaka huu mwenyekiti wa timu alikuja nyumbani. Daftari lako lote umeliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama mlivyofunzwa kwenye chuo cha Kurani zamani, bila irabu, na mwandiko wako kama njia ya siafu. Alinambia, "Mwalimu, haya hakuna anayeyaweza ila wewe. Wewe ndiye uliyefunzwa na mwenyewe." Wapo walionung'unika kwamba mwanamke asimame mbele ya wanaume uwanjani. Maalim akawajibu kwamba ninasoma majina tu, sisalishi. Nikakubali. Nilikubali kwa furaha, Baba, na hilo ndilo linaloniuma. Nilipiga pasi buibui langu kama ninakwenda harusini.

Kosa langu lilikuwa moja, sikuyanong'ona. Nimezoea kufundisha watoto sitini chini ya bati, sauti yangu unaijua. Tena walinipa kipaza sauti.

Nikasoma. Nikamsoma kocha wa kwanza, nikamsoma yule beki aliyefia Mombasa, nikawasoma ndugu wawili wa Gazi. Kisha nikasoma, "Rashidi bin Mwinyi, golikipa, maarufu Gamu." Mzee mmoja aliyekuwa amesimama peke yake karibu na mlingoti, amevaa kanzu iliyochakaa, akainua mkono kama mwanafunzi anapoitwa darasani. Akasema, "Nipo, mwanangu."

Kwanza vijana walitazamana. Halafu wakacheka, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliwatazama wazee waliokuwa wakikaa nawe kila mwaka, nao wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Ndipo nilipofahamu kwamba wao walikuwa wakikusikia. Muda wote huo walikuwa wakikusikia ukimsomea Fatiha mtu aliye hai, na wakijibu amin. Nilipomuuliza mwenyekiti baadaye alisema, "Ah, ule ulikuwa utani wa wazee." Utani una watu wawili, Baba. Mmoja wenu alikuwa kisiwani Wasini, hajui kama ameshakufa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama ameketi mlangoni mwa chumba chake. Kipaza sauti kilikuwa kimemfikia. Aliniambia neno moja tu: "Jina lile nilidhani utalipita." Yaani hata yeye alijua.

Siku ya pili Rashidi alikuja kutoa pole. Hakuweza kuonana na Mama, akakaa barazani nami, akaniwekea pweza mkavu kwenye kikapu. Alikuja Msambweni kwa sababu alisikia umefariki. Alisema alikuwa akitaka kuja tangu zamani lakini aliogopa utamgeuzia mgongo mbele za watu kama ulivyomgeuzia siku ile ya fainali, basi akangoja mpaka mgongo wako uwe chini ya mchanga. Alisema hivyo kwa upole, akaniomba radhi kwa kusema hivyo. Jicho lake la kushoto ni jeupe lote, na la kulia limeanza.

Nilikuwa naijua fainali ile kama ulivyonisimulia wewe. Ilichezwa Kwale, mimi nikiwa bado sijaota meno. Tupendane na timu ya Ukunda, bila kwa bila, dakika zimebaki chache. Mpira ukapigwa kutoka kushoto, mpira wa mtoto, ukapita ubavuni mwa Gamu ukaingia. Kikombe kikaenda Ukunda na hakijarudi mpaka leo. Watu wakasema ameuza mechi. Mwaka huo huo akapata kazi ya jikoni kwenye hoteli huko huko Ukunda, basi ushahidi ukakamilika. Hakuna aliyeuliza kama shemeji yake alikuwa mpishi pale. Wakamzomea sokoni, wakamzomea mkewe kisimani, mpaka yeye na mkewe wakahamia kwa wakwe zake, Wasini. Uliponisimulia wewe uliishia kwenye bao. Ulisema tu kwamba baada ya hapo alikufa.

Barazani nilimuuliza. Nilimuuliza kama mwalimu, nikimtazama usoni: "Uliuza?" Akasema, "Mwanangu, mimi ule mpira sikuuona."

Akanambia kwamba asubuhi ya fainali alikuja hapa nyumbani kwetu kabla ya mtu yeyote kuamka. Alikwambia jicho la kushoto limeingia ukungu siku ya tatu sasa, umwambie kocha amtie golikipa wa pili. Alikwambia wewe kwa sababu kocha alikuwa akikusikiliza, na kwa sababu mlikula sahani moja tangu utotoni. Nawe ulimjibu, "Funga mdomo, Gamu. Nenda ukadake." Ulimwambia golikipa wa pili ni mtoto, tutapigwa. Kisha ukampakia kwenye baiskeli yako ukampeleka mwenyewe hadi lori la timu, asije akabadilisha nia.

Sikumwamini. Nakuapia, Baba, sikumwamini, nilikuwa upande wako. Nilimwacha na chai yake nikaingia ndani kutafuta daftari, nimwonyeshe kwamba anakusingizia. Ukurasa wa fainali nikaupata. Umeandika kikosi, umeandika jua lilikuwa kali, umeandika bao na dakika yake. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, umeandika, "Rashidi, jicho la kushoto."

Kwa hiyo ulijua. Walipomzomea ulijua. Neno moja lako lingetosha, maana hapa mjini kwa habari za Tupendane ulikuwa kadhi. Ungesema, "Mwacheni, alikuwa mgonjwa, mimi ndiye niliyemlazimisha," wangenyamaza. Lakini hapo ungezomewa wewe. Basi ukaona bora afe. Ukamwandika kwenye orodha ya marehemu, kila mwaka ukamwombea rehema kwa sauti ya chini, na mtoto wako ukamfunza kusema amin.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi. Nikipita kaburini nakuombea, kwa sababu ni wajibu, halafu naondoka upesi. Zamani nilidhani kinachoniuma ni kukukosa. Nakukosa, siwezi kukataa. Juzi Tupendane walifunga bao la kichwa dakika za mwisho, nikageuka upande uliokuwa ukikaa na kiti chako cha kukunja, nikaanza kukuita. Kisha nikakumbuka mawili kwa pamoja, kwamba umekufa na kwamba ulikuwa mwoga. Sikujua mtu anaweza kulia kwa mambo mawili yanayogombana.

Wazee wamenitaka nilifute jina lile kimya kimya, tuendelee. Nimekataa. Sikufuta. Nimelikata kwa mstari mmoja, linasomeka, na kando yake nimeandika kwa herufi zile zile ulizonifunza, "Yu hai. Alilazimishwa kudaka akiwa haoni. Aliyemlazimisha ni mwenye daftari hili." Nikatia irabu zote, asije mtu akasema hakuweza kusoma. Ijumaa, baada ya sala, nilimpa maalim akasoma mbele ya watu. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mwenyekiti alisema nimekuvunjia heshima. Labda. Lakini heshima hiyo ulikuwa umeiazima kwa Rashidi, na mwenyewe amekuja.

Limebaki jina moja la kuongeza, nalo ni lako. Msimu ujao litakuwa la mwisho kwenye orodha, na nilikuwa nikijiuliza nani atalisoma, maana mimi sauti yangu siiamini tena mahali pale. Nikavuka kwenda Wasini nikamwomba yeye. Kusoma hawezi, lakini majina yote anayo kifuani, mlihifadhi pamoja. Alicheza na ncha ya bakora yake. Kisha akasema, "Nitamsoma. Ila yeye nitamsoma akiwa amekufa kweli."

Basi lala, Baba. Mama anakusalimu, nami nakusalimu. Siku hiyo nitakuwepo, nimesimama na kina mama nje ya mstari, Gamu akilitaja jina lako kwa kipaza sauti. Nakuahidi nitainua mikono. Amin ikinikwama kooni usinilaumu, wewe ndiye uliyeitumia vibaya. Nitarudi mwaka unaofuata, na unaofuata huo, mpaka itoke.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha