Mlango Mpana wa Chumba cha Mama

Mama Aloo,

Watoto wapite mlango wa nyuma, saruji ya kizingiti cha mbele bado mbichi. Samaki nimeshampaa magamba, yuko kwenye sufuria.

Nimeenda Kondele kumtafuta fundi Naswa. Majirani watakuambia, kwa hivyo afadhali usikie kwangu. Asubuhi nilikuta amebomoa ukuta wa chumba cha mama yangu na kutia fremu pana. Nikamkaripia mbele ya vibarua wake: "Huu ni mlango ama geti? Nani alikutuma?"

Akanijibu polepole, "Ni Mama Aloo, Mzee. Alitaka kiti cha magurudumu kipite."

Badala ya kunyamaza, nikasema nyumba yangu si hospitali. Naswa akakusanya vyombo vyake, akaondoka.

Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma yangu kwenye kile kiti. Alikuwa amesikia yote. "Oketch, wuoda, mwanangu," akasema, "nirudishe nyumbani Sondu." Kisha akajisukuma mwenyewe hadi ndani ya chumba, bila kugusa fremu. Tangu avunjike nyonga, sisi ndio tumekuwa tukimbeba kumwingiza mle. Nikamwona akianza kukunja nguo zake, na mimi nimesimama tu kwenye vumbi la ukuta.

Mpe chai. Akitaka kumpigia ndugu yangu aje kumchukua, mwombe angoje.

~~Mwambie nilikuwa nimechoka.~~ Usimwambie chochote. Nitamwomba msamaha mwenyewe, Naswa akiwepo, maana yeye pia nilimwaibisha.

Na wewe pia, Selpha. Ungeniuliza, ningekataa. Najua ndiyo sababu hukuniuliza.

Baba Aloo